Picha Hubaki, Mwili Hurudi Udongoni

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Msemaji: Afisa Elimu ya Watu Wazima.

Mwalimu wa kila darasa namwomba aandike ubaoni maneno manne: sanda, jeneza, saruji, kumbukumbu. Maneno hayo yatatokea mara nyingi katika somo la leo. Mtakapopata somo hili limechapwa, yatafuteni, myapigie mstari, kisha myasome kwa sauti.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mambo mawili. La kwanza ni kazi ya mpiga picha. La pili ni namna ya kuzika wafu wetu bila kuidhuru ardhi tutakayowaachia watoto. Bila shaka mtauliza, mambo hayo yanahusianaje? Aliyenionyesha uhusiano wake ni mpiga picha mmoja wa Mwanza, mtu mzima sasa, ambaye hakupenda jina lake litajwe redioni. Basi sisi tutamwita Fundi.

KAZI YA MPIGA PICHA

Fundi alianza kazi mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 19. Alipokelewa katika studio ya mjini ili ajifunze, lakini mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kushika kamera. Alifagia, alipanga viti, aliwafuta watoto vumbi usoni kabla ya kupigwa picha. Jioni aliingia chumba cha giza kumsaidia tajiri wake kusafisha picha.

Kwa nini chumba kiwe cha giza? Filamu na karatasi za picha za zamani zilipakwa chumvi ya madini ya fedha. Hapa fedha si noti wala sarafu, bali ni madini yale ambayo sonara hutengenezea pete. Chumvi hiyo hubadilika inapopata mwanga. Karatasi ilitiwa katika dawa ya kwanza, na picha ikaanza kuonekana polepole: kwanza nywele, halafu macho, halafu nguo. Dawa ya pili ilisimamisha kazi ya ile ya kwanza. Dawa ya tatu ilikuwa ya kukaza picha. Iliondoa chumvi yote ambayo haikupata mwanga, maana ikibaki, picha huharibika. Mwisho picha ilioshwa kwa maji mengi na kuanikwa kwenye kamba.

Picha nyeusi na nyeupe iliyokazwa na kuoshwa vizuri huweza kudumu zaidi ya miaka 100. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Picha zilizopigwa na studio hiyo zinatazamwa mpaka leo, na wengi walio ndani yake wamekwisha kufa zamani.

Dawa ya kukaza picha ilimfundisha Fundi jambo jingine. Ikishatumika, huwa imebeba madini ya fedha, na ikimwagwa ovyo hudhuru viumbe vya majini. Tajiri wake alimkataza kabisa kuimwaga katika mtaro unaoteremka ziwani. Waliiweka katika pipa, wakawauzia watu wanaojua kuyatoa yale madini. Fundi anasema, “Tangu wakati ule, nikiona dawa yoyote ya kuzuia kitu kisioze au kisifutike, huuliza: baadaye itakwenda wapi?”

Miaka ikapita. Picha za rangi zikaja, zikasafishwa kwa mashine. Kisha zikaja kamera zisizotumia filamu, na baada yake simu zenye kamera. Chumba cha giza kikageuzwa stoo. Leo Fundi anaishi kwa picha za pasipoti, ubatizo, mahafali na harusi. Lakini kazi inayomwita mara nyingi kuliko zote ni mazishi. Harusini kila mtu hupiga picha kwa simu yake. Msibani, mtoto hapendi kushika simu wakati baba yake anashushwa kaburini. Hapo humwita mpiga picha.

Kazi hiyo ina adabu yake. Fundi hufika mapema, akamwona msemaji wa familia na kumwuliza ni picha zipi zinatakiwa na zipi hazitakiwi. Hamulikii taa mtu anayelia. Hakanyagi kaburi la jirani ili apate mahali pazuri pa kusimama. Na kabla ya watu kutawanyika huwapanga kwa makundi: watoto, wajukuu, wakwe, majirani, wanakwaya.

ALIYOYAONA MAKABURINI

Mtu anayekwenda makaburini kila wiki huona mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni. Fundi ana picha za makaburi yaleyale alizopiga katika miaka ya 1980 na nyingine alizopiga miaka hii. Katika zile za zamani kuna vilima vya udongo, misalaba ya mti, mawe, nyasi na miti mingi. Katika hizi za sasa kuna saruji, vigae, vyuma na maua ya plastiki. Miti imekatwa kupisha makaburi. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuingilia, huteremka kwa kasi na kuchimba makorongo.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kalamu. Tuseme kaburi moja limejengwa kwa mifuko 10 ya saruji, na kila mfuko una kilo 50. Hizo ni kilo 500. Je, makaburi 200 ya namna hiyo yatachukua kilo ngapi? Ni kilo 100,000, yaani tani 100. Saruji hiyo hutoka kiwandani, ambako mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Moto huo hutoa hewa ya ukaa, na mawe yenyewe yanapoungua hutoa nyingine zaidi. Hewa hiyo ni mojawapo ya sababu za dunia kuzidi joto. Kwa nyumba ya kuishi watu, saruji ina faida kubwa. Lakini kwa kaburi inafaa tuulize faida yake ni ipi.

Tazameni na mbao. Majeneza ya fahari hutengenezwa kwa mbao ngumu kama mninga. Mninga hukua polepole sana, na mti wa kupasua mbao pana huweza kuwa na umri mkubwa kuliko mzee anayezikwa ndani yake. Mbao hizo hupakwa vanishi, hutiwa vishikio vya chuma na kitambaa cha nailoni, zikaonekana kwa saa chache tu, kisha zikafukiwa.

Siku moja Fundi aliitwa kwenye msiba wa mama mmoja. Watoto wake walikopa fedha. Walinunua jeneza lenye kioo, wakajenga kaburi la vigae. Jioni yake walimwomba Fundi awatengenezee picha kubwa ya mama ya kutundika ukutani. Akawaambia, “Nipeni picha yake yoyote ya alipokuwa mzima.” Wakatafuta nyumba nzima. Hawakuwa nayo. Mama yule aliishi zaidi ya miaka 70, na picha iliyopatikana ilikuwa ile ndogo ya kwenye kitambulisho, tena imechubuka. Fundi aliikuza kadiri ilivyowezekana. Uso ukaonekana kama uko nyuma ya moshi.

Ndugu zangu, hapo ndipo Fundi alipoanza kufikiri. Fedha ya kaburi ilipatikana kwa siku mbili. Fedha ya picha moja, mama akiwa anacheka mlangoni kwake, haikupatikana kwa miaka 70. Watoto wale walimpenda mama yao, hapana shaka. Lakini walitumia fedha nyingi kuuhifadhi mwili, ambao hauhifadhiki, wakasahau kuuhifadhi uso, ambao ungeweza kuhifadhiwa.

UDONGO UNAVYOFANYA KAZI YAKE

Mkulima anajua kwamba samadi na majani yakifukiwa hugeuka kuwa udongo mzuri. Kazi hiyo hufanywa na wadudu, minyoo, kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wengi wao huhitaji hewa, unyevu na joto la kadiri, na hivyo vyote hupatikana zaidi katika tabaka za juu za udongo kuliko chini sana. Mwili wa binadamu nao hurudi udongoni kwa njia hiyohiyo.

Sisi wenyewe huizuia kazi hiyo. Tunaujengea mwili sanduku gumu, sanduku tunalijengea chumba cha saruji, na wakati mwingine mwili hutiwa dawa ili usioze upesi. Dawa hiyo mara nyingi ni fomalini. Husaidia mwili unaposafirishwa mbali, lakini ni sumu, na huweza kumdhuru anayefanya nayo kazi bila kinga. Mwaka 2004, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka hewa inayotoka katika fomalini katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Mazishi yasiyodhuru ardhi ni yale yanayouachia udongo ufanye kazi yake. Hayana dawa ya kuhifadhi maiti, wala chumba cha saruji, wala vyuma, wala plastiki. Mwili hufungwa katika nguo ya pamba, au huwekwa katika jeneza jepesi la mbao laini, mianzi au matete. Juu hupandwa nyasi au mti.

JAMBO HILI SI GENI

Msidhani kwamba hili limebuniwa na wageni. Waislamu wa pwani yetu wamezika hivyo kwa karne nyingi. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, huchukuliwa kwa jeneza ambalo baadaye hurudishwa msikitini limsubiri mwingine. Kaburini huwekwa katika mwanandani, vikawekwa vipande vichache vya mbao, kisha udongo. Tajiri na maskini huvaa sanda ileile. Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, alifariki tarehe 23 Januari 2015. Alizikwa siku ileile mjini Riyadh katika makaburi ya watu wote, akiwa amevikwa sanda, bila jengo juu ya kaburi.

Katika nchi jirani ya Kenya alikuwako Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Alitumia maisha yake kuwahimiza watu wapande miti. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011, ilijulikana kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi likatengenezwa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Magugu maji ni mmea uleule unaowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Mwili wake ulichomwa Nairobi, na majivu yakazikwa.

Kule Afrika Kusini, Askofu Mkuu Desmond Tutu alifariki tarehe 26 Desemba 2021. Alikuwa ameagiza jeneza la bei nafuu kuliko yote. Watu wa nchi nyingi waliona katika televisheni sanduku la msonobari lisilo na mapambo. Tena hakuchomwa kwa moto. Mwili wake uliyeyushwa kwa maji ya moto yenye dawa ya magadi makali, njia inayotumia nishati ndogo kuliko moto.

Huko Uingereza, mji wa Carlisle ulitenga sehemu ya makaburi yake mwaka 1993 kwa ajili ya watu wanaotaka kuzikwa chini ya miti bila saruji. Mahali pengi pamefuata mfano huo.

Muislamu, profesa na askofu walifuata njia tofauti, kila mmoja kwa imani na nia yake. Mimi sisemi mtu aache dini yake wala mila ya wazee wake. Nasema kwamba heshima ya maziko haikupimwa kwa uzito wa saruji.

MAZUNGUMZO YA NDUGU WAWILI

Fundi alipokwisha kufikiri, alikwenda kijijini kumweleza kaka yake mkubwa. Mazungumzo yao hayakuwa mepesi. Nayaeleza kama alivyonisimulia.

“Shikamoo kaka. Nimekuja na neno. Nikifa, msinijengee.”

“Marahaba. Mdogo wangu, umewapiga picha wafu wa watu mpaka sasa unazungumza kama wao. Unataka watu waseme hatukukupenda?”

“Kaka, nimepiga picha mazishi mengi. Picha ambayo watu hurudi kuniomba nakala si ya jeneza. Ni ile ya ndugu walioshikana mikono.”

“Na fisi je?”

“Kaburi litakuwa na kina cha kutosha, na juu mtapanga mawe.”

Kaka akanyamaza kidogo, kisha akatoa neno zito. “Sikiliza. Kaburi la baba ndilo lililotuokoa walipokuja watu kudai shamba hili. Baraza lilitazama kaburi, likasema, hawa ndio wenyewe. Saruji ni ushahidi. Kilima cha udongo kitasema nini baada ya mvua za miaka 10?”

Wasikilizaji, msilidharau neno hilo. Katika vijiji vingi kaburi ni alama ya mpaka na haki ya familia. Fundi naye hakulidharau. Alimjibu kaka yake kwamba yako mambo matatu yanayoweza kutunza ushahidi huo bila vigae. La kwanza ni jiwe moja la kichwani lenye jina na miaka. La pili ni picha ya mahali penyewe, ikionyesha kaburi pamoja na mti mkubwa au nyumba iliyo karibu. La tatu ni hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata hati ya haki miliki ya kimila, na familia inayostahili hati hiyo iifuatilie kabla ya ugomvi, isingoje kaburi liitetee.

Mke wa Fundi alikuwa amekaa kimya. Mwishowe akasema, “Mimi sina ugomvi na sanda wala na mti. Lakini siku hiyo nitakuwa mjane. Shemeji na mawifi watanitazama na kusema, mwanamke huyu amemnyima mumewe jeneza ili abaki na fedha. Baba watoto, kama kweli unataka hivyo, usiniachie maneno ya mdomo. Andika.”

Kaka akasema, “Shemeji amesema kweli.” Siku ile walipatana kwamba hakutakuwa na saruji ila jiwe moja la jina. Juu ya jeneza hawajapatana mpaka leo. Kaka anataka la mbao, Fundi anataka matete. Lakini karatasi imeandikwa, imetiwa sahihi na watu watatu, na inakaa katika sanduku pamoja na vyeti vya watoto.

MAMBO YA KUZINGATIA

Haya ni mambo matano ya kukumbuka.

Moja. Kaburi lolote lisiwe karibu na kisima au chemchemi. Mwaka 1998, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha taarifa iliyopendekeza umbali wa mita 250 kutoka maji ya kunywa, na kwamba chini ya shimo ibaki angalau mita moja ya udongo.

Mbili. Kama mtu amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza kama kipindupindu au Ebola, familia isiamue peke yake. Mfuateni bwana afya na maagizo yake yote.

Tatu. Mzike mahali panaporuhusiwa. Mjini, waulizeni watu wa halmashauri. Kijijini, mshirikisheni mwenyekiti.

Nne. Mkipanda mti kaburini, pandeni mti wa asili unaofaa udongo wa pale, na mmoja wenu akabidhiwe kazi ya kuumwagilia mpaka ushike.

Tano. Pigeni picha za wazee wenu wakiwa hai. Kama zimo ndani ya simu, chagueni chache mkazichapishe kwenye karatasi, kwa maana simu huibiwa na huharibika. Nyuma ya picha andikeni jina, mahali na mwaka kwa penseli. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 50, ni picha ya mgeni.

KAZI YA DARASA

Jadilianeni maswali haya. Je, katika kijiji chenu wazee wa zamani walizikwaje? Ni gharama zipi za mazishi zinazomsaidia mfiwa, na ni zipi zinazomwachia deni? Kaka yake Fundi alikuwa na haki katika neno lipi?

Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu katika daftari lake. Ya kwanza ianze, “Nikifa, napenda nizikwe hivi.” Ya pili ianze, “Sipendi.” Ya tatu imtaje mtu atakayekabidhiwa karatasi hiyo. Asiyejua bado kuandika sentensi nzima, aandike jina lake na neno moja kati ya yale manne ya ubaoni, mwalimu amsaidie mengine.

Huenda mtu akasema ni uchuro kuandika habari za kifo chako. Mimi nasema mke wa Fundi alituonyesha faida ya kisomo kuliko sisi maofisa. Neno la mdomo huzikwa pamoja na msemaji. Lililoandikwa hubaki kumtetea mjane.

Ndugu wasikilizaji, somo la leo limekwisha. Andikeni vizuri, someaneni mliyoyaandika. Kwaherini.